Benchi la Kupakia Vanishi: Pesa Iende Wapi Ukiwa Chakol?

Mwaka jana nilimpelekea mama mmoja wa upande wa Amukura meza ya chai aliyoagiza kwa ajili ya harusi ya bintiye. Nilikuwa nimeipaka vanishi mara tatu, nikaridhika nayo. Alipoiweka sebuleni, jua la asubuhi likaingia dirishani kwa mshazari, naye akaniita kwa upole: “Fundi, hebu njoo uone hapa.” Kwenye kona moja vanishi ilikuwa imejikusanya, nzito na yenye kuvutika kama mrenda. Ngozi ya juu ilikuwa imekauka, lakini nilipoigusa kwa ukucha ikabonyea. Kona iliyoelekeana nayo ilikuwa kavu, karibu mbao tupu. Meza haikuwa na kasoro. Benchi nililoipakia juu yake ndilo lililokuwa limeinama.

Benchi hilo nilikuwa nimeliunda miezi miwili kabla kwa mkaratusi mbichi, na mguu mmoja ulijisokota ulipokuwa ukikauka. Niliuchagua mkaratusi huo kwa sababu ulinipunguzia shilingi 720 kuliko saipresi kavu. Kuikwangua meza ile na kuipaka upya kulinila shilingi 1,100 za sila, vanishi na thina, shilingi 400 za bodaboda kwenda na kurudi, na siku nne ambazo sikulipwa. Tangu hapo nimekuwa nikiandika kila bei ninayotajiwa, kuanzia Adungosi hadi Malaba na mjini Busia, huku kwetu Kenya karibu na mpaka wa Uganda, na wenzangu wanaotengeneza vigoda, fremu za picha na masanduku huja kuniuliza kabla hawajatoa pesa mfukoni. Bei hizi hupanda na kushuka, lakini mpangilio wake, kipi rahisi na kipi ghali, haujabadilika sana tangu nianze kuziandika.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Benchi la kurandia husukumwa, hupigwa nyundo, hufungwa jiliwa. Lisipokuwa zito litatembea nawe chumba kizima. Benchi la kumalizia linaishi maisha mengine. Unapiga msasa, unafuta vumbi, unapaka sila, unasubiri, unapiga msasa laini, unapaka vanishi, unasubiri tena. Saa nyingi kazi imetulia tu pale juu ikikauka. Linachotaka ni uso ulionyooka na kulala sawa kama maji kwenye beseni, miguu isiyoyumba, kimo kisichokuumiza mgongo, na usafi. Uwezo wa kubeba magunia kumi ya mahindi haulihusu. Mtu akishalitambua hilo, hataona haja ya kununua mvule.

Langu lina urefu wa futi 4, upana wa futi 2 na kimo cha inchi 36. Kimo usikipime kwa benchi la jirani. Simama wima umekunja mkono, upimwe kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha utoe inchi 5 au 6. Benchi fupi la kurandia hukufanya uiname saa nzima juu ya brashi, na mtu aliyechoka mgongo huharakisha mkono. Kwa viti na kabati ndogo nina jukwaa la pembeni la inchi 18, ambalo ni mabaki ya mbao tu, wala sihesabu gharama yake.

Mbao zinazohitajika ni hizi: miguu minne ya futi 3, reli nne ndefu za futi 3 na nusu, na reli nne fupi za inchi 20. Ukijumlisha ni karibu futi 33 za 2 kwa 4. Nunua 36, kwa sababu mwisho wa ubao mara nyingi huwa na ufa.

Mkaratusi ndio unaokuja mkononi kwanza. Maboma mengi hapa yana mistari ya mikaratusi mpakani mwa shamba, na mwenye pawa, yaani msumeno wa injini, akija kupasua mti, 2 kwa 4 inauzwa pale pale kwa shilingi 30 kwa futi. Futi 36 ni shilingi 1,080. Siudharau mti huu. Ni mgumu, na ukikauka vizuri utakuzika. Tatizo ni tabia yake. Mkaratusi hukua kwa kasi huku shina likijibana ndani, na msumeno unapopita mbano ule unaachiliwa. Ubao unaweza kupinda kama upinde kabla haujashuka chini. Halafu unapokauka, husinyaa zaidi kufuata duara la umri wa mti kuliko kutoka moyoni kwenda gandani, takriban mara mbili, na hapo ndipo mguu wa mraba unapogeuka kuwa na pembe za ajabu. Pia mbao za pawa hazina unene mmoja: upande huu inchi 2, upande ule inchi 1 na robo tatu.

Saipresi ya duka la hadwea, ile iliyokaa chini ya mabati ikapitiwa na upepo, nimeinunua kwa shilingi 50 kwa futi. Futi 36 ni 1,800. Ni nyepesi, hairushi patasi, inaranda vizuri, na ikikauka haina fujo. Grivelia iko katikati kwa bei, ila huwa na mafundo mengi, na fundo kwenye ulimi wa kiungo ni mahali pa kuvunjikia.

Muuzaji atakwambia ni kavu. Usibishane naye, pima. Weka ubao shavuni: mbao mbichi ni baridi, kavu haina baridi hiyo. Gonga kwa kifundo cha kidole: mbichi inajibu kwa mlio mzito uliozibwa. Kama una wiki chache za kusubiri, kata kipande cha futi moja, kiandike tarehe kwa penseli, ukipeleke kwa jirani mwenye mizani ya kupimia nafaka. Rudi nacho kila Jumamosi. Kipande changu cha mkaratusi kilikuwa kikipungua kila wiki kana kwamba kuna mtu anakimega usiku. Uzito ukikaa pale pale wiki mbili au tatu mfululizo, mbao zako ziko tayari. Hadi leo sijaona kipimo cha bei nafuu kuliko hicho.

Mvule na mahogani nimeziulizia pia, kwa sababu wazee wa hapa wakisema mbao huwa wanamaanisha mvule. Mvule ya 12 kwa 1 nilitajiwa shilingi 350 kwa futi. Uso wa futi 4 kwa 2 unahitaji mbao mbili kama hizo, yaani shilingi 2,800 kabla ya mguu hata mmoja. Mvule huwa na vijiwe ndani yake, chokaa iliyoganda kwenye nyuzi za mti, ambavyo huua makali ya randa, na vumbi lake huwasha pua na ngozi za watu wengi. Mbao hiyo iwekee mlango wa mbele au kitanda cha kurithisha. Kuiweka kwenye benchi litakalomwagikiwa vanishi ni kuinyima mahali pake.

Sasa kuna suala la ng'ambo ya mpaka. Mtu wa Chakol akitaka kununua kitu chochote, swali la kwanza ni kama upande wa Uganda ni rahisi. Kwa mbao swali hilo lina msingi. Serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, saipresi iliadimika na paini ya Uganda na Tanzania ikachukua nafasi yake kwenye maduka mengi. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, lakini wanunuzi walikuwa wameshaizoea paini.

Nilivuka kwenda kuulizia. Huko mbao huuzwa kwa kipande kizima cha futi 14, na paini ya 4 kwa 2 nilitajiwa shilingi za Uganda 16,000. Kwa futi 36 unalazimika kuchukua vipande vitatu, 48,000. Kwa kiwango cha shilingi 27 za Uganda kwa moja ya Kenya, hizo ni shilingi 1,778 za Kenya. Linganisha na 1,800 za saipresi: ningeokoa shilingi 22 na kupata futi 6 za ziada. Lakini nauli ya kuzifikisha nyumbani ni 300 zaidi ya ile ya kutoka Adungosi. Mbao zinazovuka mpaka pia zinahitaji idhini ya KEPHIS, shirika linalokagua afya ya mimea, na kuzisafirisha barabarani kunahitaji kibali cha KFS, shirika la misitu. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Busia Februari 2018, maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja na safari ya makaratasi imefupika, ila makaratasi yenyewe bado yapo. Kwa mwenye kujenga nyumba, akichukua shehena ya lori, hesabu inaweza kulipa. Kwa benchi moja hailipi. Vifaa vingine, gundi na skrubu na rangi, sioni sababu ya kuvifuata huko: kodi ya ongezeko la thamani Uganda ni asilimia 18, hapa kwetu ni 16.

Malaba kuna hazina nyingine ambayo watu huipita: paleti. Malori yanayosubiri kuvuka na maghala ya kandokando huacha paleti, na vijana huziuza kati ya shilingi 400 na 600 moja. Chagua zile zenye boriti tatu ndefu ubavuni, zisizokatwa mapengo ya uma wa foklifti. Kabla hujalipa, tafuta muhuri uliochomwa kwenye mbao, wenye alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotengenezwa, na herufi za matibabu. HT maana yake mbao zilipashwa moto kuua wadudu, hizo chukua. MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo ni sumu. Hizo ziache, na usiruhusu mtu azichome jikoni. Isiyo na muhuri wowote, au iliyolowa doa la mafuta au kemikali, nayo iache. Paleti mbili nzuri hutoa miguu na reli zote, na mbao zake mara nyingi ni kavu kabisa kwa kuwa zimezunguka dunia. Unalipa kwa jasho: kung'oa misumari yenye mikunjo bila kupasua ubao kulinichukua siku nzima, na msumari mmoja uliobaki ndani unaweza kuharibu randa.

Je, umpe fundi alitengeneze? Fundi mmoja mzuri alinitajia shilingi 8,500 kwa benchi la mkaratusi lenye uso wa mbao zilizopangwa. Nilimuuliza mbao zimekauka tangu lini. Akasema kweli, kwamba zilipasuliwa mwezi uliopita. Namheshimu kwa ukweli wake, lakini sikuweza kulichukua. Kwa asiye na msumeno na patasi, ushauri wangu ni kununua vifaa mwenyewe na kumlipa fundi kazi tu. Siku mbili, fundi na msaidizi wake, niliambiwa 2,400. Ukijumlisha na vifaa nitakavyovitaja hapa chini inafika 9,110. Umeongeza shilingi 610 juu ya bei ya benchi la tayari, na umepata mbao ulizoziweka shavuni mwenyewe.

Uso ndio mahali ambapo singebana mfuko hata kidogo. Mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu huachana wakati wa kiangazi na kufura wakati wa mvua, na mapengo yake huhifadhi vumbi la msasa ambalo hurudi kutua kwenye vanishi mbichi. Plaiwudi ya milimita 18 nilinunua kwa 3,600. Blokubodi ya unene huo ilikuwa 3,000, nayo inafaa kama mahali pako ni pakavu, ila kingo zake zinapenda kumeguka. MDF ilikuwa 3,300 na imenyooka kuliko zote, lakini ikinywa maji inavimba na hairudi, na hapa kwetu maji huja yakipeperushwa na upepo chini ya mabati. Nilichukua plaiwudi. Shiti moja la futi 8 kwa 4 hutoa vipande vinne vya futi 4 kwa 2. Viwili nilivibandika pamoja kwa gundi kuwa uso mmoja mnene, cha tatu ni rafu ya chini, na cha nne nilimuuzia jirani kwa 900.

Kuna njia nyingine ambayo nimeijaribu na kuiheshimu: mlango wa fulashi uliotumika. Watu wanapokarabati nyumba huitoa milango hii, na kwa shilingi 800 hadi 1,000 unapata uso ulionyooka kuliko fundi yeyote anavyoweza kuranda kwa mkono. Una upana wa inchi 30. Ukiukata kubaki futi 4, utaona ndani ni utupu wenye vipande vyembamba vya mbao au karatasi ngumu. Chonga kipande cha mbao cha unene wa utupu huo, kipake gundi, ukisukume ndani kuziba mwisho. Usigongee nyundo juu yake. Kwa kupiga msasa na kupaka hautakuangusha. Kwa kuwa ni mwepesi, jaza magunia mawili ya mchanga uyaweke kwenye rafu ya chini, na benchi litatulia kama lililopandwa ardhini.

Iwe plaiwudi au mlango, juu yake weka ngozi ya hadibodi ya milimita 3, upande laini ukitazama juu, umeikaza kwa skrubu nne za pembeni. Shiti moja kwa shilingi 850 hutoa ngozi nne, na mimi hubadilisha moja kila mwaka. Ngozi ikijaa matone, naitoa, na benchi linakuwa jipya. Wengine hupaka nta ya mshumaa ili vanishi isigande juu ya benchi. Nawaomba wasifanye hivyo. Nta hiyo huhamia kwenye kazi, na mahali ilipogusa, vanishi hujitenga na kuacha vijishimo kama macho ya samaki.

Miguu niliunganisha na reli fupi kwa tundu na ulimi na gundi. Reli ndefu nilizifunga kwa bolti, nane, kila moja shilingi 60. Bolti ni ghali kuliko misumari, lakini mbao zikisinyaa kiangazi cha Januari unachukua spana na kukaza robo mzunguko, kazi ya dakika tano. Msumari hauna namna ya kukazwa tena. Kabla ya kufunga uso, weka fimbo mbili zilizonyooka, moja kila mwisho wa fremu, kisha inama ufumbe jicho moja na utazame ya mbele ikilinganishwa na ya nyuma. Zikiwa sambamba, fremu haijajisokota. Fimbo hizi ndizo zingeniokolea meza ya yule mama.

Hesabu ya langu basi: saipresi 1,800, plaiwudi 3,600, bolti 480, gundi 250, skrubu 200, kurandwa kwa mashine kwa shilingi 5 kila futi 180, na bodaboda 200. Jumla 6,710. Ukiondoa zile 900 za jirani, limenigharimu 5,810. Hadibodi niliongeza baadaye.

Sakafu ya udongo ina mambo yake mawili. La kwanza ni mchwa, ambao watapanda kwenye mguu wa saipresi usiku mmoja na kujenga njia yao ya udongo. Nilipaka nyayo za miguu oili chakavu kutoka kwa makanika, mara mbili, nikaziacha zikauke wiki moja, kisha nikazisimamisha juu ya mawe bapa. Wengine huweka miguu ndani ya mikebe ya oili. Mchwa hawavuki, ila oili ile hunasa vumbi, na mtu akipiga mkebe teke imefika kwenye kazi. La pili ni usawa. Usilitegemee jicho. Tumia pima maji, na kama huna, laza chupa iliyojaa maji ikabaki na kiputo kimoja, uigeuze kwa urefu na kwa upana wa benchi, ukiongeza kijiwe hapa na pale.

Kifaa kimoja kidogo kimebadilisha kazi yangu kuliko vyote. Busia ndiko bodaboda ilikozaliwa, enzi za watu kubebwa kwa baiskeli kutoka geti la nchi moja hadi geti la nchi nyingine, na mpaka leo kwa fundi wa baiskeli hutakosa kitovu cha gurudumu la mbele. Changu nilikinunua kwa shilingi 150. Toboa tundu katikati ya kipande kizito cha mbao, simamisha ekseli ndani yake na uikaze kwa nati, kisha kwenye matundu ya spoku ya upande wa juu funga ubao wa duara kwa skrubu fupi. Kigoda kinakaa juu yake na kuzunguka kimya kwa kidole kimoja. Mimi nimesimama palepale, mwanga ukitoka upande uleule, na naiona kila sehemu niliyoiruka kabla haijakauka. Pamoja nacho nina vijibao vinne, kila kimoja kimepitishwa msumari ncha ikitokeza juu. Napaka upande wa chini, nakigeuza kipande kikae juu ya ncha nne, napaka upande wa juu bila kusubiri kesho.

Mahali pa kuliweka benchi hapanunuliwi, lakini pakikosewa pesa yote imepotea. Ukiwa karibu na barabara ya Busia kwenda Malaba, vumbi la malori litatua kwenye kila koti la vanishi. Ingia ndani zaidi, nyunyiza maji sakafuni nusu saa kabla ya kupaka, na upake asubuhi kati ya saa mbili na saa tano, kabla ya upepo na mawingu ya alasiri. Laka ya kupuliza ikipigwa hewa ya mvua hugeuka nyeupe kama pumzi kwenye kioo. Vanishi ya mafuta huvumilia zaidi, ila hukawia kukauka.

Na usipake jioni ya mvua huku taa ikiwaka. Nilifanya hivyo mwezi wa Aprili, na sanduku langu likiwa bado linang'aa, kumbikumbi wakaja. Mmoja alitua, akatembea hatua nne, akaacha mbawa mbili zimelala bapa ndani ya vanishi, na kabla sijazima taa walikuwa zaidi ya ishirini. Watoto walifurahia waliobaki kwenye beseni. Mimi nilingoja siku mbili sanduku likauke, nikalipiga msasa namba 240 hadi alama za mbawa zikatoweka.

Msasa wenyewe, kabla haujawa karatasi ya dukani, ni mti, ambao majani yake makavu hukwaruza vya kutosha. Mafundi wa pwani waliyatumia kulainishia kazi zao na jina likabaki. Karatasi au jani, vumbi ni lile lile. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliyaweka mavumbi ya mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Pigia msasa nje, upande wa upepo, umevaa barakoa inayobana. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje na kuyatupa pembeni: yanapokauka hujizalishia joto na huweza kuwaka yenyewe. Yatandaze kwenye kamba yakauke wazi.

Wiki hii kijana wa boma la pili amekuja. Anatengeneza vigoda vya kuuza Adungosi, anavipakia juu ya jerikeni mbili na ubao. “Mzee,” akaniambia, “nina elfu tatu, na hiyo elfu tatu ndiyo yote.” Tulikaa tukaandika: mlango wa fulashi 900, paleti mbili 1,000, gundi 250, skrubu 200, bodaboda 300. Inakuwa 2,650. Mchanga ni wa bure, pima maji yangu nitamwazima, na 350 zinazobaki zinunue brashi moja nzuri isiyodondosha nywele. Jumamosi tunakwenda Malaba pamoja. Nimemwonyesha kwenye karatasi jinsi muhuri wa HT unavyokaa, na yeye ndiye atakayetangulia kugeuza paleti na kuutafuta.